Kazi ya Fundi wa Komine

Kama kuna mtu aliyewahi kulipwa mshahara wa kusema "subiri" katika nchi hii, basi ni mimi. Tangu uhuru hadi mwaka wa sabini na mbili nilikuwa msimamizi wa mafunzo na kazi wa komine yetu ya Rumonge, yaani serikali ya wilaya. Cheo kikubwa, eti! Mama yangu alikitaja mbele ya wageni mpaka nikamwomba anyamaze. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha watu ufundi na kisha kuwatafutia mahali pa kuufanyia. Nusu ya kwanza niliiweza. Nusu ya pili ilinishinda, na inaniuma hadi leo, wala sitajifanya hainiumi.

Biro yangu, yaani ofisi, ilikuwa stoo ya zamani ya kupimia pamba, pale barabara inapoteremka kwenda ziwani. Mizani ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, imebaki harufu ya magunia na panya wanene. Bendera ilipopandishwa, mji mzima ulicheza ngoma hadi miguu ikavimba. Uvimbe haujashuka, watu wakaanza kujipanga mlangoni kwangu. Uhuru umefika, kazi iko wapi? Walikuwa na haki ya kuuliza. Mimi nilikuwa kijana wa mtaa wa Waswahili, mtoto wa fundi cherehani, nimesoma Kifaransa kidogo shule ya serikali, na kwa sababu hiyo tu nilikabidhiwa ufunguo na kiti. Jibu sikukabidhiwa.

Tulifundisha uashi, ushonaji, na utengenezaji wa mitumbwi ya mbao. Huo wa mitumbwi ndio niliouamini. Shati mtu atavaa la mwaka jana, nyumba ataikandika udongo mwenyewe, lakini huku kwetu bila mtumbwi hakuna ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na bila ndagala hakuna mji. Nikasema hapa hakuna atakayekosa kazi. Wee! Nilisema kwa sauti kubwa, tena mbele ya watu.

Mwalimu wa mitumbwi tulimtoa mtaani kwetu. Alikuwa mzee mnene mwenye kelele, ambaye baba yake alivuka kutoka upande wa Congo zamani za Wabelgiji. Alipenda kujisifu kwamba mitumbwi yote ya ufuko wetu, kuanzia Magara hadi Kigwena, imepita mikononi mwake. Ilikuwa uongo, na kila mtu aliujua, na hakuna aliyembishia kwa sababu alikuwa mgomvi na pia kwa sababu mitumbwi aliyoitengeneza kweli haikuingiza maji. Mimi aliniita "mutoto wangu" hata mbele ya mkuu wa komine, na mimi ndiye niliyekuwa ninampa mshahara.

Wanafunzi walipomaliza, tuliwapa breve, yaani cheti, yenye muhuri. Halafu wakazunguka ufukweni wakionyesha muhuri wao kwa wenye mitumbwi, na wenye mitumbwi wakawauliza swali moja tu: "Nani amekufungua?"

Hapo ndipo tulipokwama. Kwetu sisi Waswahili wa ziwani mtu hawi fundi kwa kumaliza masomo. Anakuwa fundi siku mwalimu wake anapomfungua. Mwanafunzi analeta kilemba, yaani kitambaa cheupe na chochote alichojaliwa, mbele ya watu. Mwalimu anajifunga kitambaa hicho kichwani, anamshika mkono, anamkabidhi tezo, ile ya kuchongea mbao, na kumwambia nenda kafanye kazi. Kabla ya hapo mkono wako umefungwa. Hata ukichonga vizuri namna gani, wewe ni mwanafunzi, na hakuna mvuvi mwenye akili zake atakayelala katikati ya ziwa juu ya mbao zilizopigiliwa na mkono uliofungwa. Desturi hiyo niliijua tangu utoto. Nilidhani muhuri wa serikali ungeipiku. Nani angebishana na muhuri?

Walibishana nao. Na mbaya zaidi, amri ya komine ilikataza mwanafunzi kumpa mwalimu zawadi yoyote, hata yai. Rushwa, walisema. Amri yenyewe haikuwa mbaya. Huko maofisini walikuwa wanakula rushwa kama karanga, na mtu fulani Bujumbura alitaka kuzuia. Lakini mwalimu wangu naye alikuwa na lake. Nilipomwendea nimsihi awafungue wale vijana bila kilemba, alinifokea mpaka kuku wakakimbia uani.

"Mimi nafungua mutu kwa maneno matupu? Unataka wafe majini halafu waseme ni mimi?"

"Mzee, serikali inakataza zawadi."

"Kwani nimeomba kula? Kitambaa hicho nitakila? Nataka anipe watu wakiona! Serikali yako iko inajua kuogelea?"

Nikarudi bironi. Nikamweleza mkuu wa komine, mtu mpole, mwenye miwani, aliyekuwa akiogopa simu. Akasema amri ni amri. Basi nikawa katikati yao, kila mmoja ana haki yake, na wale waliomaliza wakarudi mmoja mmoja kulima mashambani kwa mama zao. Wakaguzi wakija kutoka Bujumbura waliuliza wangapi wamefundishwa. Wangapi wanafanya kazi, hilo hawakuuliza kamwe, na mimi sikuwaeleza kwa sababu hakuna aliyenipa nafasi ya kumaliza sentensi.

Kati ya hao waliomaliza alikuwako mmoja ambaye hakuwa na mahali pa kurudi. Alikuwa mtu wa kijiji cha Gatete, mtu mzima tayari, ana mke, mrefu, mnyamavu, Kiswahili chake kimejaa Kirundi. Ili apate kusoma kwetu, nduguze walikubali kumlisha yeye na mkewe, na yeye akawaachia sehemu yake ya itongo, ile ardhi ya baba yao na michikichi yake yote. Walikula kiapo mbele ya wazee, yakaisha. Maana yake akipata kazi ya ufundi ataishi, asipoipata hana hata mahali pa kuchimba muhogo. Aliniambia hayo siku alipomaliza, amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nikamuuliza kwa nini alifanya upuuzi kama huo.

"Ni wewe ulisema, shefu," akanijibu, bila ubaya wowote. "Ulisema hapa hakuna mutu atakosa kazi."

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi ya soko. "Amahoro, shefu. Kazi iko?" Nami nikisema bado, anasema murakoze, asante, na kuondoka. Murakoze ya nini, jamani? Kuna siku nilitamani anitukane. Mtu anayekutukana unaweza kumfukuza. Huyu alishukuru, akaenda kubeba magunia ya chumvi gatini, akarudi soko lijalo.

Nilivumilia hivyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwishowe nikasema potelea mbali. Nilimwita mwalimu, nikamwita mtu wa Gatete, nikawaambia Ijumaa baada ya sala tukutane ufukweni, na amri ya komine nitaijibia mimi. Mkuu wa komine nilimwambia kwamba ni sherehe ya ufundi. Akanitazama juu ya miwani, akasema siku hiyo ana safari. Alikuwa mtu mwema, nimekwisha kusema.

Siku ile ilikuwa nzuri, Mungu wangu, ilikuwa nzuri. Mke wa yule bwana alileta mawese ndani ya kibuyu, mekundu, yananukia. Kitambaa alikuwa amekifua mpaka kinaumiza macho. Wenye mitumbwi walisimama wamekunja mikono, wanajifanya wamepita tu. Mzee wangu akajifunga kile kitambaa kichwani, akaanza hotuba juu ya baba yake, na Congo, na mitumbwi yote kuanzia Magara, mpaka mtu mmoja akapiga kelele, "Mufungue, muzee, jua linawaka!" Watu wakacheka. Mzee akamshika yule bwana mkono wa kulia, akampa tezo.

"Mukono wako nimeufungua. Ukitengeneza vibaya sasa ni aibu yako, si yangu."

Yule bwana wa Gatete akalia. Mwanamume mrefu vile, analia mbele za watu, tezo imemganda mkononi. Nami nililia, nasema wazi. Nilifikiri nimeshinda.

Baada ya hapo alipata vibarua: kubadilisha ubao uliooza, kutia kalafati ya kuziba maungio, kupigilia. Mtumbwi mzima mpya alipata kutengeneza mmoja, wa mvuvi wa hapa hapa, na ulielea vizuri. Lakini vibarua si kazi. Wiki moja anakula, wiki tatu anakopa. Nikaanza kumsumbua mkuu wa komine: tuna mitumbwi ya komine, inavuja, tunalipa watu baki kuitengeneza, kwa nini tusiajiri fundi wetu? Nilimsumbua mpaka akawa akiniona anageuza njia. Hatimaye, mwanzoni mwa sabini na mbili, akakubali. Kutakuwa na fundi wa komine, mwenye mshahara wa kila mwezi, aanze mwezi wa tano.

Nilikwenda Gatete mwenyewe kwa miguu kumpa habari. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Walinipa pombe ya ndizi, nikawaambia sinywi, wakacheka, wakanipa muhogo na ndagala. Yule bwana alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi, akakaa. Kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba fundi wa komine hafukuzwi mvua zikianza. Nikamwambia hafukuzwi.

Mwishoni mwa mwezi wa nne damu ikamwagika. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua. Kisha wakaja askari wenye bunduki, wakaua zaidi, na kwa muda mrefu zaidi. Yapo mengi ya kusemwa juu ya nani na kwa nini, na wapo wanaopenda kuyasema wakiwa wameketi vizuri. Mimi nilikuwa chini ya kitanda cha mama yangu. Najua waliokuwa kwenye madawati yangu na ambao sikuwaona tena. Najua kwamba mtu aliyejua kusoma alianza kuogopa kujulikana hivyo, maana wenye bunduki waliwatafuta wasomi kwanza, na kwamba breve nilizowagawia kwa mkono wangu, na muhuri wake, zilichomwa jikoni chini ya masufuria ya maharage. Mama mmoja alinieleza hivyo baadaye bila kuniangalia. Alikuwa amechoma ya mwanawe. Haikusaidia.

Mkuu wa komine mwenye miwani aliitwa kwenye mkutano mkoani, Bururi, na hakurudi. Mtaa wetu ulikuwa unavuka. Kila mwenye mtumbwi alipakia watu mpaka maji yanalamba ukingo, wakaelekea Congo au wakafuata ufuko kwenda kusini, Kigoma. Mwalimu wangu naye alivuka, na wake zake na vyombo vyake. Kabla ya kuondoka alimtuma mtu Gatete kumwita fundi wake. Yule bwana alikuja hadi ufukweni, nilikuwapo, nilikuwa nimekwenda kumsindikiza shangazi yangu. Mzee akamwambia apande, amlete na mkewe, nafasi iko, huko ng'ambo mafundi wanatakiwa.

"Oya, muzee," akakataa. "Wiki iko inakuja naanza kazi."

"Kazi gani? Una wazimu? Huoni?"

"Ya komine. Nimengoja miaka yote hii. Niikimbie sasa?"

Mzee akanigeukia mimi. "Mwambie, mutoto wangu. Wewe ndiye shefu wake." Nikamwambia apande. Wallahi nilimwambia, tena kwa ukali: kazi hiyo usiitegemee, mkuu mwenyewe hayupo. Akanisikiliza kwa heshima zote. Halafu akasema, kama mtu anayemtuliza mtoto, kwamba mkuu akiondoka komine haiondoki, na kwamba mkewe amekaribia kujifungua, hawezi kupanda mtumbwi. Sababu hii ya pili ilikuwa ya kweli, lakini aliiongeza mwishoni, na sote watatu tulijua ipi iliyomshika miguu. Mzee akatukana, akasukuma mtumbwi, akaondoka. Sikumwona tena.

Mwezi wa tano ukaja, ukapita. Bwana wa Gatete hakuuawa. Hakuna aliyemdhania kuwa ni msomi. Alionekana mbeba magunia tu. Mtoto alizaliwa, akafa. Nduguze hawakuwapo tena, na ile ardhi waliyoilia kiapo walikuwa wanailima watu wengine ambao hakuthubutu kuwauliza walitoka wapi.

Mimi nilibaki kazini. Unaniuliza kwa nini? Mama yangu hakutaka kuvuka, na kiti kilikuwa bado kipo. Mkuu mpya wa komine akaja, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, na siku moja akaniita. Serikali haitaki tena watu wavuke ziwa usiku, akasema, wala hao walioko ng'ambo warudi na silaha. Mitumbwi iliyoachwa ufukweni ivunjwe yote. Askari wamejaribu kuichoma lakini mbao zina maji, haziwaki vizuri, na wanazibomoa ovyo, wanapoteza muda. Kisha akatabasamu.

"Wewe si ndiye unayehusika na ajira? Nimeambiwa komine ina fundi wa mitumbwi. Anza naye kesho. Atalipwa."

Yarabi. Nilitembea tena hadi Gatete. Sikuwa na namna ya kulipamba, nikalimwaga lilivyo: kazi imefika, lakini ni ya kuvunja. Alikuwa ameketi mbele ya mlango. Moyoni nikamwombea akatae.

"Ni ya komine kweli?" akauliza. "Ya kulipwa kila mwezi?"

"Ndiyo."

"Ego," akakubali. "Nakuja."

Alikuja na tezo na koleo, asubuhi na mapema, amenyoa ndevu. Askari walikuwa wameketi kwenye kivuli cha kibanda cha samaki wanavuta sigara. Alianza na mtumbwi wa kwanza, na jinsi alivyoanza ndivyo alivyoendelea: aling'oa misumari mmoja mmoja, akaiweka kwenye mkebe, akaachanisha ubao na ubao bila kuupasua, akaupanga juu ya mwenzake kwenye mchanga. Ndivyo mzee alivyomfundisha kubadilisha ubao uliooza, na hakujua njia nyingine. Askari mmoja akaja akamwambia atumie shoka, ni kuni hizo. Akasema ego, akasubiri askari aondoke, akaendelea na koleo lake.

Siku zilizofuata nilikuwa ninakwenda kumtazama. Sikuwa na kazi nyingine. Bironi hakuna aliyekuja tena kuuliza chochote. Watu wa mtaani waliobaki walipita barabara ya juu wasimwone, na wale waliomwona hawakumsalimia. Alipoufikia ule mtumbwi alioutengeneza yeye mwenyewe, ule mmoja, niliujua kabla hajaugusa. Aliuzunguka. Akapitisha kiganja kwenye maungio, pole pole, akitafuta mahali palipoachia. Hapakuwa na mahali. Nikamwambia, "Huu uache, nitawaambia umeoza." Akatikisa kichwa. Akasema wakijua tumewadanganya, kazi yake watampa mtu mwingine. Akapiga magoti na koleo lake, akaanza na msumari wa mbele, na ulikataa kutoka, kwa maana aliupigilia vizuri. Niliondoka hapo.

Siku ya mwisho nilimkuta anafuta tezo kwa majani. Tangu nizaliwe sikuwahi kuuona ufuko wa Rumonge mtupu. Mchanga na maji, basi, na mbao zimepangwa safi kama dukani, na milima ya Congo ng'ambo, hakuna cha kukufikisha huko. Nilidhani atasema kitu. Kumbe alikuwa na swali lake lile lile la siku zote, na uso ule ule.

"Shefu, hapa nimemaliza. Kesho kazi iko?"

Miaka yote hiyo, kwa watu wote waliosimama mlangoni kwangu, sikuwahi kuwa na jibu. Safari hii nilikuwa nalo. Mkuu mpya alikuwa amenipa asubuhi ile.

"Iko," nikasema. "Nenda Kigwena. Huko mitumbwi bado ni mingi."

Nikamwona mabega yanashuka, anapumua. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema murakoze cane, shefu, akaniomba nafasi hiyo nisimpe mtu mwingine.